Mtoto anapocheza pari juu ya motokari za Marekani



Juma lililopita, tulipomaliza likelemba, mama mmoja alinivuta pembeni akaniuliza: "Mwalimu, pari ya football ninaijua, hata baba ya watoto anaicheza. Lakini mtoto wangu ananiambia aliweka feza juu ya motokari zinazokimbia Marekani, saa tisa ya usiku. Ile ni kitu gani?" Mtoto yuko kalasi ya sita ya sekondari, na feza aliyoweka ilikuwa sehemu ya feza ya Exetat. Nilimwahidi kwamba nitajibu hapa, maana najua si yeye peke yake.

Tuanze na mbio zenyewe, kwa sababu huwezi kuzungumza na mtoto juu ya kitu usichokijua. Atakuona mtu wa zamani, na mazungumzo yatakwisha hapo.

Marekani kuna mashindano ya motokari yanayoitwa NASCAR. Yalianzishwa mwaka 1948 pale Daytona Beach, katika jimbo la Florida. Kwa sura, motokari zake zinafanana na zile watu wanazonunua dukani: Ford, Chevrolet, Toyota. Ndani ni kitu kingine kabisa. Mwaka wa mashindano unaanza mwezi wa pili, na mbio kubwa ya kwanza yenye kuhesabiwa inaitwa Daytona 500. Lakini kabla ya hiyo kuna mbio ndogo ya kufungua mwaka, jina lake Clash. Mtoto wa mama yule aliweka feza juu ya Clash.

Clash haina pointi. Ni kama mechi ya kirafiki. Shofere akishinda anapata feza na heshima. Akigonga wenzake na motokari ikabomoka, katika hesabu ya mwaka hapotezi hata pointi moja. Ilipoanza mwaka 1979, aliyeilipia alikuwa kampuni ya bia, Anheuser-Busch, ndiyo sababu iliitwa Busch Clash. Siku ile walikimbia mizunguko 20 tu, na Buddy Baker akashinda. Ukiniuliza mimi, lilikuwa tangazo la bia lenye magurudumu, na tangazo hilo lilifaulu sana, maana mpaka leo watu wanaitazama mbio hiyo.

Sasa fikirini mtu asiye na cha kupoteza anaendesha namna gani. Anajaribu mambo ambayo kwenye mbio ya pointi asingethubutu. Mwaka 2020 pale Daytona, ajali zilikuwa nyingi mno kiasi kwamba mbio iliyopangwa kuwa mizunguko 75 ilifika 88. Mwishoni zilibaki motokari chache tu zenye kutembea. Aliyeshinda ni Erik Jones, na motokari yake ilikuwa imebomoka mbele. Mwenzake wa timu moja, Denny Hamlin, ambaye yeye mwenyewe alikuwa nyuma mzunguko mzima, ndiye aliyemsukuma kwa nyuma mpaka kwenye mstari. Nani katika wale waliocheza pari aliyaona hayo mapema? Hata Jones mwenyewe hakuyajua.

Mwaka uliofuata ilikuwa vibaya zaidi kwa mwenye tiketi mkononi. Ryan Blaney na Chase Elliott walikuwa mbele wakigombania nafasi ya kwanza, mzunguko wa mwisho, kona ya mwisho. Wakagongana. Blaney akaenda ukutani, Elliott akapoteza mwendo, na Kyle Busch aliyekuwa wa tatu akapita akachukua ushindi. Aliyeweka feza juu ya Blaney alikuwa amekwisha kuhesabu ushindi wake. Alibakiza mita chache tu.

Hapo kwenye "alibakiza kidogo" ndipo ningependa tukae. Katika kalasi yangu, mtoto aliyepata 2 juu ya 10 anajua hakusoma. Aliyepata 4 na nusu ananifuata mpaka mlangoni: "Mwalimu, nilibakiza nusu!" Ndivyo pari inavyofanya kazi katika kichwa cha kijana. Kukosa kabisa kunamchosha, anaacha. Kukosa kidogo kunamwambia kwamba yeye ni fundi, kwamba juma lijalo atapata. Lakini kwenye pari hakuna nusu ya pointi. Tiketi ya Blaney na tiketi ya mtu wa mwisho kabisa zote zililipa franka sifuri.

Kijana atawajibu: "Mama, mimi ninachunguza, sibahatishi." Mwulizeni anachunguza nini kabla mwaka haujaanza. Mwaka 2022 Clash ilihamishwa Daytona ikapelekwa Los Angeles, ndani ya Coliseum, uwanja uliopokea Olimpiki mwaka 1932 na 1984. Walitandaza lami ndani ya uwanja, mzunguko mdogo wa kama mita 400. Na siku ile ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza motokari za aina mpya kabisa kushindana. Njia mpya, motokari mpya, hakuna hata shofere mmoja aliyekuwa amewahi kushindana hapo kwa motokari ile. Joey Logano akashinda. Na bado kampuni za pari zilikuwa zimetoa bei ya kila shofere, zimeandikwa vizuri, na koma na desimali, kama vile mtu alikuwa amepima.

Zinawezaje? Kampuni haina haja ya kujua nani atashinda. Inatafuta kitu kimoja tu: bei zote zikijumlishwa, kibakie kitu mezani kwake. Tufanye hesabu, ni ya kalasi ya tano ya msingi.

Siku ile ya Los Angeles motokari 23 ziliingia katika mbio ya mwisho. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba zote zina nguvu sawa. Wamama 23 wanaketi, kila mmoja anachagua motokari yake na kuweka franka 1.000. Mezani kuna 23.000. Kama ingekuwa likelemba, mwenye kushinda angechukua 23.000 yote na hakuna anayelia kwa kuibiwa. Lakini mwenye meza ni kampuni. Imewaambia tangu mwanzo: atakayeshinda nitamlipa mara 18. Mama mmoja anabeba 18.000, anapiga vigelegele, mtaa mzima unasikia. Ile 5.000 iliyobaki imeingia mfukoni mwa kampuni kimya kimya, na wamama 22 wanarudi nyumbani mikono mitupu. Kampuni haikujali ni motokari gani iliyoshinda. Bei za kweli hazilingani hivi, shofere mwenye jina analipa kidogo na asiyejulikana analipa sana, lakini ufundi ni ule ule. Na kadiri washindani wanavyokuwa wengi, ndivyo inavyokuwa rahisi kukata kidogo kwa huyu na kidogo kwa yule bila mtu kuona. Mechi ya football ina majibu matatu tu: huyu, yule, au sare. Mbio ina 23.

Wengi wao hawaweki hata kwenye mbio peke yake. Wanaunganisha: mechi nne za Ulaya, kisha mbio ya usiku inakuwa mstari wa tano kwenye tiketi, ili zawadi ionekane kubwa. Kama kila mstari ungekuwa na bahati ya nusu kwa nusu, mistari mitano yote kukubali ni mara moja juu ya 32. Tena sehemu ya kampuni inakatwa kwenye kila mstari. Ikiwa inachukua 10 katika kila 100, baada ya mistari mitano katika 100 yako imebaki thamani ya kama 59 tu, kabla hata mpira wa kwanza haujapigwa. Mbio ya motokari, ambapo mtu mmoja anagonga na kumi wanatoka, ndiyo mbaya kuliko yote kuiweka mwishoni mwa tiketi.

Kuna jambo jingine lililonishangaza. Wamarekani wenyewe hawajakubaliana juu ya pari. Mpaka mwezi wa tano mwaka 2018 sheria ya nchi nzima iliizuia karibu kila mahali, isipokuwa hasa Nevada. Kisha Mahakama Kuu yao ikaiondoa sheria hiyo, na kila jimbo likaachiwa kuamua. California, ambako Coliseum iko, raia walipiga kura mwezi wa kumi na moja 2022 juu ya mapendekezo mawili ya kuruhusu pari ya michezo, wakayakataa yote mawili. Kwa hiyo miaka ile mitatu Clash ilipokuwa Los Angeles, mtu aliyeketi ndani ya uwanja hakuwa na ruhusa ya sheria ya jimbo lake kuchezea pari mbio iliyokuwa mbele ya macho yake. Mwaka 2025 Clash ikahamia Winston-Salem, North Carolina, jimbo lililoruhusu pari ya simu tangu mwezi wa tatu 2024. Chase Elliott, yule yule wa kona ya mwisho, safari hii akashinda. Huku kwetu mashariki ilikuwa karibu saa tisa ya usiku ilipoanza, na kesho yake ni masomo.

Basi mama afanye nini? Kelele hazisaidii; anatoka nje na simu, na kinachofuata ndicho cha hatari kuliko pari ya kwanza, yaani kuikimbiza feza iliyopotea. Ameweka 5.000 ya Exetat, imekwenda, anaona aibu, anaweka 10.000 ili kuirudisha kabla mama hajajua. Hapo ndipo anaanza kukopa kwa wenzake, na hata kugusa feza isiyo yake. Kwa hiyo tangu sasa feza ya masomo isipite mikononi mwake. Mama au baba aende kulipa mwenyewe, arudi na bordero. Na kwa wenye kutunza feza ya kikundi: simu yenye feza ya AVEC au ya likelemba isiachwe kwa mtoto "atazame tu video", na namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa wa kifungua mimba. Wote mtaani wanaujua.

Kisha mwite kwa upole: "Papa, njoo tuhesabu." Usimwambie lolote juu ya dhambi wala juu ya jirani aliyefilisika. Chukueni karatasi, mpige mstari katikati. Upande mmoja andikeni "Iliyotoka", upande mwingine "Iliyorudi". Fungueni pamoja ujumbe wote wa feza ya simu wa miezi mitatu, mmoja baada ya mwingine, yeye asome na wewe uandike. Vijana wanakumbuka tiketi zilizolipa. Zile nyingine wanazisahau kweli kweli, hawasemi uongo. Ajumlishe mwenyewe na asome jumla kwa sauti.

Wamama wasiojua kufungua ule ujumbe wa zamani kwenye simu, mbaki kidogo siku ya posho baada ya mkutano, nitawaonyesha mmoja mmoja. Mje na simu zenye moto, maana kwenye salle umeme hautegemewi.