Likizo ya Watoto na Mzigo wa Akili wa Mama

Shule zinapofungwa mwezi wa Juni, Kanda ya Ziwa huwa imeshaingia kiangazi. Masika yamekatika, barabara zimekauka, na huko Bujora ngoma za Wasukuma huwakusanya watu kwa ajili ya Bulabo. Ni majira ya kutembeleana. Tangu Daraja la J. P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, anayetoka Sengerema au Geita hufika njia panda ya Usagara bila kusubiri kivuko, na jioni yuko mezani kwa ndugu zake Nyegezi au Igoma. Kwa watoto hii ni furaha ya mwaka. Kwa mama zao, mara nyingi ni mwezi mzito kuliko mingine, na sehemu kubwa ya uzito huo haionekani kwa macho.

Hoja ya makala hii ni kwamba kumpunguzia mama kazi za mikono pekee hakutoshi kumpumzisha. Mama hupumzika pale mtu mwingine anapochukua pia kazi ya kukumbuka. Nasema pia kwamba sisi watoa huduma za afya tunapaswa kuiulizia kazi hiyo, kwa sababu madhara yake huingia katika vyumba vyetu vya ushauri yakiwa yamevaa sura ya maumivu ya kichwa, mgongo na kukosa usingizi.

Mwaka 1984, mwanasosholojia wa Ufaransa, Monique Haicault, aliandika juu ya mzigo wa akili wa wanawake: akiwa kazini mwanamke huendelea kuipanga nyumba kichwani, kwa hiyo huishi sehemu mbili kwa wakati mmoja. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, Allison Daminger aliwahoji wenza wa kaya 35 nchini Marekani, akaigawa kazi hiyo katika hatua nne: kuona mbele kitakachohitajika, kutafuta njia za kukipata, kuamua, na kufuatilia kama kimefanyika. Aligundua kwamba uamuzi mara nyingi hufanywa na wote wawili, lakini kuona mbele na kufuatilia huwaangukia zaidi wanawake.

Matokeo hayo yalitoka mbali, lakini tuyapime kwa Jumapili moja ya likizo jijini Mwanza. Baba na mama wanakubaliana kuwapeleka watoto Kisiwa cha Saanane. Uamuzi huo huchukua dakika mbili. Yanayobaki huchukua siku tatu. Dawa ya kuvuta ya mtoto mwenye pumu imebaki kiasi gani? Maji ya kunywa yatachemshwa lini? Mgeni aliyefika jana atakula nini? Nauli ikilipwa, ya sukari itabaki? Nani atamwangalia mdogo asiukaribie ukingo wa maji? Mama wa mwambao anajua kwamba ziwa lina kichocho, na kwamba mtoto anaweza kuzama bila kupiga kelele. Baba hulipa nauli, hubeba kikapu, hupiga picha, na hurudi amechangamka. Hakufanya ubaya wowote. Mama naye alikuwepo, alicheka, amo kwenye picha. Lakini hakuna dakika aliyoacha kuhesabu vichwa vya watoto.

Kwa mama anayefanya biashara ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba, hesabu huongezeka. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi inapokomaa, wavuvi hupumzika. Siku za kipato chake hupangwa na mwezi, wakati siku za wanawe kukaa nyumbani hupangwa na kalenda ya serikali. Giza likiangukia katikati ya likizo, lazima awaze bei ya ndoo, mvua isiyotarajiwa juu ya dagaa walioanikwa, rejesho la kikoba, na watoto wanne ambao mwezi uliopita walikuwa darasani saa kama hii.

Kiswahili kina namna yake ya kulieleza jambo hili. Mgonjwa hasemi ana sonona, husema, “Daktari, nina mawazo.” Tukiisikia kauli hiyo kwa haraka, tunaandika dawa ya maumivu na kumwita anayefuata. Mzigo wa akili wenyewe si ugonjwa, na si kila mama aliyechoka anahitaji dawa. Lakini mzigo usiopumzishwa hula usingizi, na kukosa usingizi kwa muda mrefu ni mlango mmojawapo wa sonona na wasiwasi uliokithiri. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, asilimia 15.6 ya wajawazito na asilimia 19.8 ya wanawake waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Hao ni wengi mno kuachwa wagunduliwe kwa bahati.

Najua jibu litakalotolewa: mama zetu walilea watoto wanane bila kulalamika. Ni kweli walilea, lakini hawakulea peke yao. Katika kaya ya Kisukuma ya zamani alikuwepo bibi, alikuwepo shangazi, walikuwepo wake wenza na mashemeji. Mtoto akipotea machoni pa mmoja, alikuwa machoni pa mwingine. Kazi ya kukumbuka iligawanywa bila kikao. Leo mama huyo amepanga vyumba viwili Buhongwa, bibi yuko Magu, na watu wazima waliobaki nyumbani ni yeye na mume anayerudi usiku. Tumeubakiza wajibu wa kaya nzima, tukaondoa watu waliokuwa wakiubeba. Isitoshe, hatuna hakika kwamba mama zetu hawakuugua. Wengi waliambiwa wana presha, au wamekuwa wakali uzeeni, na hakuna aliyewauliza zaidi.

Wanaume wengi wenye nia njema huuliza, “Nikusaidie nini?” Swali hilo ni la upendo, ila linamwachia mama hatua ngumu zaidi. Ili alijibu, ni lazima awe ameshaona mbele, ameshapanga, na baadaye atafuatilia. Aliyesaidiwa hivyo amepata mikono miwili zaidi. Kichwa kinachofanya kazi bado ni kimoja. Kinachomwondolea mzigo ni kukabidhiwa kwa jukumu zima. Baba aseme, “Safari ya Jumapili ni yangu,” na maana yake iwe kwamba dawa ya pumu, maji, nauli na macho ya kumwangalia mdogo ni vyake tangu Alhamisi hadi watoto walale. Akisahau kofia, watoto watatafuta kivuli, na Jumapili ijayo atakumbuka. Mama naye ana sehemu yake hapa: jukumu likishatoka mikononi, asilirudishe kwa kulikagua. Chakula kilichochelewa saa moja hakidhuru kama usingizi uliopotea mwaka mzima.

Kuna hatari ambayo sharti itajwe. Katika nyumba nyingi, mzigo unapoondoka kwa mama hushukia kwa binti mkubwa au kwa dada wa kazi, ambaye naye mara nyingi ni msichana mdogo. Hapo hatujagawana, tumemtwisha asiye na sauti. Mvulana wa miaka kumi na minne anaweza kabisa kukabidhiwa maji ya kunywa ya nyumba kwa likizo nzima, na kuulizwa yeye yanapokwisha. Kwa mama mjane au anayelea peke yake, majirani watatu wanaoaminiana wanaweza kupeana zamu, kila mmoja akiwaangalia watoto wa wote siku moja, ili wenzake wapate siku mbili ambazo vichwa vyao viko huru.

Sheria zetu nazo zinatufundisha tulivyozoea kuona. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja. Baba hupewa angalau siku 3. Mtu aliyekaa siku tatu na mtoto mchanga hawezi kujua nyumba inakumbuka nini. Anarudi kazini akiwa mgeni katika jambo ambalo mwenzake amelazimika kulibobea. Tofauti ya likizo zote zitakazofuata huanzia hapo.

Kwa wenzangu wa zahanati, vituo vya afya na hospitali, ombi langu ni dogo. Mama anapomleta mtoto kliniki, tunampima mtoto uzito na kuujaza kwenye kadi. Tuongeze dakika mbili kwa mama mwenyewe. Je, katika wiki mbili zilizopita amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda? Je, amekuwa na huzuni au kukata tamaa? Akijibu ndiyo, dodoso la PHQ-9, ambalo limeshahakikiwa nchini Tanzania, litatuongoza kama anahitaji rufaa. Kisha tuongeze swali la tatu, lisilo katika dodoso: “Usiku ukishalala, ni mambo gani ya nyumbani bado unayapanga, na nani mwingine anayajua?” Baba akiwa amefuatana naye, tumuulize mbele yake, bila kumshtaki.

Na wewe mama unayesoma haya: ikiwa huzuni, kukosa usingizi au kukosa raha vimedumu zaidi ya wiki mbili, usisubiri shule zifunguliwe, nenda kituo cha afya kilicho karibu. Ikiwa unawaza kujidhuru au kufa, mwambie mtu leo hii na afuatane nawe hospitali. Ikiwa umechoka tu, chagua jukumu moja kabla ya likizo ijayo, likabidhi lote, na umtaje aliyelipokea mbele ya familia nzima.