Hiyo taa ya presha si pambo la dashibodi

Najua wasee wa rimu watanirukia kwa hili, lakini wacha niseme. Ukinunua rimu mpya, ukazivalisha tairi mpya, halafu ukaacha sensa za presha kwenye sakafu ya fundi, umelipa pesa nyingi kuitoboa gari yako macho.

Rimu tunazipenda wote. Mimi hupita Kirinyaga Road hata nikiwa sina shilingi, kuangalia tu. Shida inaanza pale fundi anapobandua tairi ya zamani, anakuta kidude cheusi kimeshikana na valvu ndani ya rimu, anakitupa kando na kuweka valvu ya kawaida ya mpira. Ukizunguka kidogo, taa ya manjano inawaka, ile ina umbo kama kiatu cha farasi na alama ya mshangao katikati. Unauliza. Unajibiwa, "Haina noma boss, ni sensa tu." Kipande cha selotepu nyeusi kinabandikwa juu yake na maisha yanasonga.

Ni sensa tu? Hicho kidude ndicho kinapima presha ndani ya tairi na kuituma kwa gari kwa mawimbi ya redio. Marekani hawakukiweka kwa mapenzi ya teknolojia. Mwaka wa 2000 tairi za Firestone zilikuwa zinabambuka zikiwa kwenye Ford Explorer, na zaidi ya watu 200 walikufa. Sheria ikapita mwaka huohuo, na kufikia Septemba 2007 kila gari dogo jipya lilipaswa kuwa na mfumo wa kuonya presha ikishuka. Ulaya ikafika hapo Novemba 2014. Japani hawajalazimisha, ndiyo maana Vitz au Demio yako huenda haina kitu ndani ya rimu. Kama ndiyo unayoendesha, nunua kipima presha cha mkono, kitumie kila wiki, tuko sawa. Mimi naongea na nyinyi wa Mercedes na BMW za kutoka Uingereza.

Najua utasema mzee wako aliendesha miaka yote bila sensa, alikuwa anapiga tairi teke na kuendelea na safari. Sawa, lakini mzee alikuwa na tairi gani? 195/65 R15 ina ukuta wa karibu milimita 127. Ikipungukiwa na upepo inafutuka kando, unaiona ukiwa mbali. Hiyo 225/40 R18 yako ina ukuta wa milimita 90. Iko psi 24 badala ya 32 na bado imesimama wima kama bwana harusi. Huwezi kujua kwa macho wala kwa teke. Sasa unashuka Mombasa, mamako na wadogo zako wako nyuma, buti imejaa, uko kilomita 110 kwa saa. Ukuta wa tairi unajikunja na kujikunjua kila mzunguko, joto linapanda, na kitu pekee kilichoweza kukuambia kiko chini ya selotepu.

Na hiyo psi 24 sijaitoa hewani. Kwa sheria ya Marekani taa huwaka presha ikishuka asilimia 25 chini ya ile gari imepangiwa. Yaani ikiwaka, umeshachelewa. Usiipuuze ukiambiwa ni "kelele za umeme".

Kitu kingine cha safari hiyohiyo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Ukijaza psi 32 hapa ukashuka Mombasa, kipimo kitasoma karibu psi 2 au 3 chini, hata kama hakuna upepo uliotoka, kwa sababu hewa ya pwani inasukuma zaidi kutoka nje. Joto la huko litakurudishia kiasi, si yote. Niliacha uni mwaka wa pili, lakini hiyo fizikia ilibaki.

Halafu kuna ile akili ya mtandaoni ambayo imeshafika mtaani. Msee anachukua sensa nne za zamani, anazifungia ndani ya paipu ya PVC, anaijaza upepo, anaificha chini ya buti. Gari inaamini tairi zote ziko fiti milele. Manze, huo ubunifu wote kukwepa kazi ya kuhamisha sensa nne! Na siku utauza hiyo gari, mwenye kuinunua atakuwa anasoma presha ya paipu.

Siku ya kubadilisha rimu ndiyo siku ya bei nafuu kushughulikia sensa, maana tairi tayari iko chini na leba ni moja. Fikiria pia umri. Kenya inaruhusu gari la mtumba lisilozidi miaka 8. Betri ya sensa imefungiwa ndani, haibadilishwi, na hudumu kama miaka 5 hadi 10. Gari ikishuka bandarini ikiwa na miaka 7, sensa zake ni wazee. Kuzihamishia kwenye rimu mpya ni kujipangia kubandua tairi tena mwaka ujao.

Kabla ya kununua chochote, jua gari yako inatumia mfumo gani. Golf ya Mk7 haina sensa ndani ya tairi. Inahesabu mizunguko ya magurudumu kupitia ABS, kwa hivyo ukishabadilisha rimu na kujaza presha sawa unaiseti upya basi. Akikuuzia mtu sensa za Golf hiyo, amekuona fala. Kwa zile zenye sensa, uliza masafa. Gari za Ulaya ni megahezi 433, za soko la Marekani nyingi ni 315, na hizo mbili hazisikilizani. Sensa za kuprogramu zinaweza kunakili namba za zile za zamani, na gari haitajua tofauti. Mwambie fundi asianze kubandua tairi upande wa valvu, maana hapo ndipo sensa huvunjika. Kama shina la valvu ni la alumini, usikubali kiini cha shaba ndani yake, vitaoza vikishikana. Gundi ya kuzuia pancha pia kataa, inaziba tundu la sensa. Kisha abalansi upya.

Ukimaliza, usilipe salio hapohapo. Zunguka mtaa dakika 20 uone kama taa imezima.