Mweka Hazina Awe na Uwezo wa Kukataa

Katika Kata ya Matema, mahali ambapo milima ya Livingstone inakutana na maji ya Ziwa Nyasa, fedha ya umma huanza kwa kidogo kidogo. Mkulima wa kakao hupeleka magunia yake katika chama cha ushirika. Mama mfinyanzi wa Ikombe hushusha vyungu vyake kutoka katika mtumbwi na kuvipanga sokoni. Mvuvi huuza samaki alfajiri, na mwenye nyumba ya wageni ufukoni hukata leseni. Katika shughuli za namna hiyo limo fungu la Halmashauri ya Wilaya ya Kyela, na fungu hilo, liwe la shilingi mia tano au la mamilioni, halina budi kufika mahali pamoja, napo ni katika vitabu vya Mweka Hazina.

Wananchi wanamjua Mkuu wa Wilaya. Wanamjua Mkurugenzi, Mbunge na diwani wao. Mweka Hazina hawamjui, na aghalabu hulisikia jina la cheo chake siku ile tu ambapo fedha zimepotea. Hata miongoni mwa watumishi wa Serikali wapo wanaomdhania kuwa ni karani mkubwa wa malipo, mtu wa kufuatwa mwisho wa mwezi kwa ajili ya masurufu ya safari. Dhana hiyo ni potofu, na madhara yake ni makubwa kuliko inavyofikiriwa.

Yafaa kwanza kutenganisha vyeo, kwa kuwa neno hazina limebebwa na wengi. Yuko Katibu Mkuu wa Hazina, ambaye ni Mlipaji Mkuu wa Serikali. Yuko Mhasibu Mkuu wa Serikali. Yuko Msajili wa Hazina, ambaye ofisi yake iliundwa kwa sheria ya mwaka 1959, kabla ya Uhuru, na ambaye leo ndiye msimamizi wa hisa na mali za Serikali katika mashirika ya umma. Hao wako juu. Mweka Hazina wa halmashauri ndiye aliye karibu na gulio, zahanati na shule, na ndiye anayezungumziwa hapa.

Ofisi yake ina mizizi mirefu kuliko halmashauri yenyewe. Ufuko huu wa kaskazini uliona serikali ya kigeni mapema. Katika miaka ya 1890 Wajerumani walijenga kituo chao cha Langenburg ukingoni mwa ziwa, chini ya milima hiyohiyo ya Livingstone, kabla ya kuhamia mlimani, mahali ambapo leo ni Tukuyu. Mwaka 1897 ikatolewa amri ya kodi ya nyumba kwa koloni zima, na kiasi cha kawaida vijijini kilikuwa rupia 3 kwa nyumba. Asiyekuwa na rupia alilipa kwa mazao au kwa jasho lake. Mwenye boma ndiye aliyehesabu nyumba, ndiye aliyetoza, ndiye aliyeweka na ndiye aliyetumia. Mlipaji hakuwa na mahali pa kuuliza, na kuuliza kwenyewe kulikuwa kosa.

Waingereza walipoingia walikuja na ujanja mwingine. Chini ya Gavana Cameron ilipitishwa sheria ya mwaka 1926 ya mamlaka za wenyeji, na hazina za wenyeji zikaanzishwa wilayani. Ada na kazi ambazo raia walimtolea chifu zilibadilishwa kuwa mshahara, na mshahara huo ukalipwa kutoka katika hazina iliyopata sehemu ya kodi. Katika Wilaya ya Rungwe, ambayo Kyela ilikuwa sehemu yake wakati huo, kama kwingineko nchini, kukawa na leja, makadirio ya mwaka na karani wa kuandika. Huko kulikuwa kupiga hatua katika uandishi wa hesabu. Katika kuwajibika hapakuwa na hatua yoyote, kwani aliyeidhinisha makadirio na kukagua kitabu alikuwa Bwana Shauri, na Bwana Shauri hakuwajibika kwa mkulima wa mpunga wa bondeni.

Baada ya Uhuru utawala wa machifu ulifutwa kisheria mwaka 1963, na halmashauri za wilaya zikachukua mzigo wote. Mzigo ulikuwa mkubwa na mikono ilikuwa michache. Mwaka 1969 halmashauri zikanyang'anywa vyanzo vyao vikubwa, yaani kodi ya wilaya na ushuru wa mazao, na mwaka 1972 zikavunjwa kabisa kwa mpango wa Madaraka Mikoani. Sheria mpya za Serikali za Mitaa zilipitishwa mwaka 1982, miongoni mwake Sheria Namba 9 inayohusu fedha, na halmashauri zikaanza kazi tena mwaka 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe alisema mwaka huohuo kwamba, kama angeanza upya, asingefuta serikali za mitaa wala kuvunja vyama vya ushirika. Kwa muda wa miaka 12 wilaya ilitumia fedha zilizopangwa na kugawiwa kutoka juu, na mazoea ya diwani kumhoji mweka hazina mbele ya wenzake yakakatika. Mazoea ya namna hiyo hayarudi kwa kutangazwa katika Gazeti la Serikali.

Sheria hiyo ya 1982, pamoja na Kanuni za Fedha za Serikali za Mitaa za mwaka 2009, imegawa kazi kwa busara. Madiwani hupitisha bajeti. Mkurugenzi ndiye Afisa Masuuli, naye hujibu kwa kila senti. Mweka Hazina hupokea mapato, huhakikisha yamefika benki yakiwa kamili, huandika vitabu, hulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, huandaa hesabu za mwisho wa mwaka na kuishauri halmashauri kuhusu mambo ya fedha. Kabla ya malipo yoyote kutoka, yeye na wasaidizi wake hutazama kama kasma ipo, kama fedha ipo, kama hati imekamilika na kama mali iliyonunuliwa imepokelewa kweli. Likikosekana mojawapo, wajibu wake ni kukataa.

Hapo ndipo penye ugumu wote. Mweka Hazina yuko chini ya Mkurugenzi yuleyule anayeidhinisha malipo. Mkaguzi wa Ndani naye, ambaye angekuwa shahidi wake, yuko katika ofisi hiyohiyo, na mahitaji yake ya kazi hutegemea ridhaa ya ofisi hiyo. Katika mazingira hayo mtu anayesema hapana leo anaweza kupata barua ya uhamisho kesho. Wapo wanaosema hapana hata hivyo, nao wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa. Lakini haiwezekani kujenga usalama wa fedha ya wilaya juu ya ushujaa wa mtu mmoja.

Hatari ya kumwacha mkusanyaji awe pia mtunzaji inajulikana Afrika Mashariki tangu zamani. Katika karne ya 19 Masultani wa Unguja walikodisha forodha yao kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, ambayo ililipa kiasi kilichokubaliwa kwa mwaka na kubaki na kilichozidi. Nyumba hiyo ikawa ndiyo mtoza ushuru, ndiyo benki na ndiyo mkopeshaji, hata ikafika mahali Sultani akawa mdaiwa wa mkusanyaji wake mwenyewe. Miaka mingi baadaye halmashauri nyingi nchini zilikabidhi magulio na ushuru wa mazao kwa mawakala binafsi kwa mikataba isiyotofautiana sana na ule. Taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zikajaa majina ya mawakala ambao hawakuwasilisha walichokusanya. Somo lilikuwapo Unguja, kama lingesomwa.

Leo ziko mashine za kielektroniki za kukusanyia mapato, na yako malipo ya Serikali kwa namba maalumu ambayo mlipaji huipeleka benki au kwenye simu yake. Haya ni maendeleo ya kweli na hayana budi kusifiwa. Hata hivyo wakaguzi wamekuta mara kwa mara mashine zilizozimwa kwa siku nyingi, na fedha zilizosomeka katika mashine lakini hazikuonekana benki. Mashine inaweza kuonyesha kwamba mtoza ushuru wa gulio fulani amechelewa kupeleka fedha. Kumfuata mtoza ushuru huyo, akiwa ni ndugu wa mkubwa, bado ni kazi ya binadamu.

Suala la ushuru si dogo kwa Kyela, wilaya iliyo miongoni mwa zinazoongoza nchini kwa kakao na inayosifika kwa mchele wake. Mwaka 2017 Serikali ilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima alistahili nafuu hiyo. Halmashauri kwa upande wake ilibaki na mahitaji yaleyale na chungu kidogo zaidi, na chungu kikipungua, kila kinachovuja huonekana shuleni na zahanati. Asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa mgawanyo wa 4, 4 na 2. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya kubainika kwamba fedha nyingi hazirejeshwi, na vikundi vingine havipo, kisha ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kila kikundi hewa kilicholipwa kililipwa kwa hati iliyopita mezani kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza kikundi hicho kiko wapi.

Walimu wana sababu ya pekee ya kulifuatilia jambo hili. Tangu Januari 2016, elimu ilipoanza kutolewa bila ada, fedha za uendeshaji zimekuwa zikitoka Hazina na kwenda moja kwa moja katika akaunti ya shule. Mwaka 2017 ukaanzishwa mfumo wa uhasibu kwa ajili ya shule na vituo vya afya. Mwishoni mwa mwaka 2021, kwa sehemu ya mkopo wa Sh. trilioni 1.3 wa kupambana na athari za UVIKO-19, yalijengwa madarasa 15,000 nchini, kila moja kwa Sh. milioni 20, tena mengi kwa kutumia mafundi wa kawaida chini ya usimamizi wa shule yenyewe. Mwalimu aliyesomea kufundisha hisabati au Kiswahili akajikuta ananunua saruji, anaajiri fundi, anapokea mchanga na anaandika hati ya malipo, kisha jioni anasahihisha madaftari. Kwa jina ni mkuu wa shule. Kwa kazi amekuwa mkusanyaji, mlipaji na mweka hazina katika nafsi moja, hali ileile ya mwenye boma, isipokuwa mwenye boma hakukaguliwa na mwalimu hukaguliwa.

Tena hukaguliwa kwa kuchelewa. Mwaka wa fedha hufungwa Juni 30. Hesabu hupelekwa kwa Mkaguzi Mkuu kufikia Septemba 30, na taarifa yake hufika kwa Rais ifikapo Machi 31, ndipo iwasilishwe Bungeni. Malipo mabaya yaliyofanyika Julai 2022 yalisomwa hadharani Aprili 2024, takriban miezi 21 baadaye. Fundi ameondoka, risiti zimeliwa na panya, na mwalimu aliyesaini huenda amekwisha kuhamishiwa wilaya nyingine, anaitwa kurudi kujibu hoja za ukaguzi kwa nauli yake.

Wala wananchi wasilale usingizi kwa kuwa halmashauri yao imepata hati inayoridhisha. Hati hiyo maana yake ni kwamba vitabu, kwa mambo ya msingi, vimeonyesha hali ya fedha ilivyo. Halmashauri inaweza kuandika vizuri kabisa namna ilivyotumia fedha vibaya.

Wapo wanaopendekeza mweka hazina achaguliwe kwa kura, kama yanavyofanya majimbo mengi ya Marekani. Hilo halifai hapa. Kura italeta mwanasiasa wa tatu katika chumba chenye wawili tayari. Kinachotakiwa ni kidogo na kinawezekana. Mweka Hazina anapokataa malipo, akatae kwa maandishi, na nakala iende siku hiyohiyo kwa Mkaguzi wa Ndani na kwa Kamati ya Fedha ya madiwani. Mkurugenzi akiona kuna haja ya kulipa hata hivyo, aamuru kwa maandishi na jina lake, ili aliyeamuru ajulikane. Mweka Hazina aliyekataa asihamishwe mpaka kamati hiyo imelijadili jambo lenyewe. Na kila kata ipewe mhasibu msaidizi mmoja wa kuzunguka katika shule na zahanati zake, aandike vitabu wakati malipo yanafanyika.

Gharama ya mhasibu wa kata itatajwa kuwa kikwazo, na ni kweli kwamba mishahara haiokotwi ufukoni. Lakini Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipoonya dhidi ya kuifanya fedha kuwa msingi wa maendeleo halikuwa na maana kwamba hata ile kidogo iliyopo itunzwe ovyo. Darasa moja la Sh. milioni 20 likiachwa bila paa linagharimu zaidi ya mshahara wa mhasibu wa ngazi ya chini kwa mwaka mzima, na madarasa ya namna hiyo hayahitaji kutafutwa mbali.

Yapo mambo mengine ambayo hayangojei bajeti. Sheria inataka Mkutano Mkuu wa Kijiji ukutane angalau mara moja kila miezi mitatu, na mapato na matumizi ni miongoni mwa mambo yanayostahili kusomwa hapo. Mwalimu mkuu anaweza kubandika taarifa ya fedha za shule katika mlango wa ofisi, akaisoma mbele ya wazazi na kamati ya shule, na kumwomba Mweka Hazina wa wilaya, kwa barua yenye kumbukumbu namba, atume mtu wa kukagua vitabu kabla ya Juni 30.