Chini ya Taa Ndiko Kwenye Giza

Wajapani wana methali fupi isemayo kwamba chini ya taa ndiko kwenye giza. Asili yake ni taa ya mafuta iliyowekwa juu ya kigingi ndani ya nyumba. Mwanga ulienea chumba kizima, lakini kwenye kitako cha taa yenyewe palibaki kivuli. Neno la Kijapani la taa hiyo, todai, ndilo pia jina la mnara wa taa unaoongoza meli baharini, na leo wengi wakiisikia methali hiyo hufikiria mnara.

Ndugu msomaji, wiki hii nataka tuifuate methali hiyo mpaka ufukweni. Tutatembelea minara miwili ya zamani kusini mwa Japani, kisha tutarudi na swali la kujiuliza majumbani mwetu. Kama una ndugu anayesoma au kufanya kazi Japani na unajiandaa kumtembelea, chukua kalamu. Kama huna safari, soma hivyo hivyo, kwa sababu jambo lenyewe halihitaji tiketi.

Tunakwenda Rasi ya Kii, mkoa wa Wakayama, katika mji mdogo wa Kushimoto. Kutoka stesheni ya Shin-Osaka unapanda treni ya Kuroshio, iliyopewa jina la mkondo wa maji ya uvuguvugu unaopita katika bahari hiyo. Safari inachukua saa tatu na ushei. Sehemu kubwa ya njia treni inatembea kandokando ya bahari, kwa hiyo mpe mtoto kiti cha dirishani upande wa maji. Mtaona vijiji vya wavuvi, milima ya misitu inayoshuka hadi pwani, na mawimbi ya Pasifiki yakipasuka kwenye miamba.

Kabla ya minara, wapeleke watoto Hashigui-iwa. Ni mawe makubwa yapatayo 40 yaliyosimama kwa mstari mmoja kuelekea kisiwa cha Oshima, mithili ya nguzo za daraja lisilomalizika. Hadithi ya wenyeji inasema mtawa mashuhuri Kobo Daishi aliwekeana dau na zimwi kwamba angejenga daraja hadi kisiwani kwa usiku mmoja. Zimwi lilipoona linashindwa, likaiga sauti ya jogoo. Mtawa akadhani kumekucha, akaacha kazi, zikabaki nguzo. Wataalamu wa miamba watakueleza habari za mawe ya moto yaliyopenya ardhini na bahari iliyokula udongo uliokuwa pembeni, lakini kwa mtoto anza na jogoo. Daraja la kweli kutoka Kushimoto hadi Oshima lilifunguliwa mwaka 1999.

Mnara wa kwanza ni Shionomisaki, uliopo kwenye ncha ya kusini kabisa ya Honshu, kisiwa kikuu cha Japani. Jirani yake kuna uwanja mpana wa majani ambapo familia hukaa kula na kutazama bahari isiyo na kizuizi. Mnara huu ni mmojawapo wa minara 16 ya Japani ambayo wageni huruhusiwa kuipanda hadi juu. Mtu mzima hulipa yeni 300. Ngazi za mwisho ni nyembamba na zimesimama, kwa hiyo mtoto mdogo mshike mkono, na bibi au babu mwachie kivuli cha chini.

Huko juu watoto watauliza kwa nini minara ilijengwa hapa. Waeleze hivi. Japani ilipofungua bandari zake kwa meli za kigeni, mabaharia walilalamika kwamba pwani yake ni ya giza na ya hatari. Mwaka 1866 serikali ya wakati huo ilitia saini mkataba na Uingereza, Marekani, Ufaransa na Uholanzi, na humo ikakubali kujenga minara minane. Shionomisaki na Kashinozaki, tunakokwenda baadaye, ilikuwa miongoni mwa hiyo minane.

Kazi alipewa Mskoti, Richard Henry Brunton, aliyefika Japani mwaka 1868. Alikuwa mhandisi wa reli, na elimu ya minara alikuwa ameipata kwa muda mfupi tu kabla ya kusafiri, kutoka kwa wahandisi wa familia ya Stevenson kule Edinburgh. Hadi anaondoka mwaka 1876 alikuwa amejenga minara 26. Kwa wale wasiozoea pwani, siri ya mnara haiko kwenye ukubwa wa moto. Iko kwenye lenzi, ile kazi ya Mfaransa Augustin Fresnel: vipande vya kioo vilivyopangwa duara kwa duara, vikikusanya mwanga uliokuwa unatawanyika na kuusukuma mbali kama fimbo moja ndefu. Tena kila mnara una mwako wake. Baharia huhesabu namna taa inavyomweka, akajua yuko wapi.

Sasa vukeni daraja twende Oshima. Kwenye ncha ya mashariki ya kisiwa, juu ya jabali, umesimama mnara wa Kashinozaki. Uliwashwa mwaka 1870, na ndio mnara wa mawe mkongwe kuliko yote nchini Japani. Ulikuwa pia wa kwanza nchini humo kuwa na taa ya kuzunguka. Ndani haupandwi, ila pembeni pamejengwa ngazi za nje za kutazamia bahari. Karibu yake ipo nyumba ya mawe ya walinzi wa mnara, iliyokarabatiwa. Walinzi wa mwanzo walikuwa Waingereza, na wenyeji husema wao ndio waliopanda yale maua ya majira ya baridi yanayonukia kuzunguka mnara hadi leo.

Ni mahali pazuri mno, lakini njia ya kwenda mnarani inapita kwenye mnara wa kumbukumbu wa Waturuki na jumba dogo la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1974. Mtoto atauliza: Waturuki wamefuata nini huku? Kaeni kwenye benchi, mumsimulie.

Mwaka 1889 Sultani Abdul Hamid II wa Milki ya Osmani alituma manowari ya mbao iitwayo Ertuğrul kwenda kumsalimu Kaizari Meiji wa Japani. Meli ilichukua miezi kumi na moja kufika. Wakiwa Japani mabaharia wakaugua kipindupindu. Septemba 1890, msimu wa vimbunga, wakaanza safari ya kurudi nyumbani. Usiku wa tarehe 16 kimbunga kiliisukuma meli hadi kwenye miamba iliyo chini ya Kashinozaki. Ikapasuka. Zaidi ya watu 500 walikufa, akiwemo kiongozi wa msafara, Osman Pasha. Waliopona ni 69.

Msomaji, usilipite jambo hili haraka. Meli haikuzama mahali pasipo na taa. Mnara ulikuwepo miaka ishirini, na watu zaidi ya 500 walikufa miguuni pake. Mnara huonyesha hatari ilipo. Hauna mikono ya kumvuta mtu majini. Ile methali ya Wajapani usiku ule ilitimia kwa namna ya kutisha.

Lakini habari haikuishia hapo. Baadhi ya mabaharia walitupwa ufukweni, wakaparamia jabali gizani, wakiwa na majeraha, wakiufuata ule mwanga. Mlangoni wakakutana na walinzi wa mnara. Hakuna aliyeielewa lugha ya mwenzake. Inasimuliwa kwamba walinzi walifungua kitabu cha bendera za mataifa, na baharia mmoja akaweka kidole kwenye bendera yenye mwezi na nyota.

Wanakijiji wakaitwa. Walikuwa wavuvi, watu wa kipato kidogo, na kimbunga kilikuwa kimewanyima bahari. Wenyeji wanasimulia kwamba walishuka majabalini kutafuta walio hai, wakawapasha joto kwa miili yao, wakawavisha nguo zao, wakawapikia viazi vitamu na hata kuku waliokuwa wamewaweka akiba. Madaktari waliowatibu majeruhi walipoulizwa wanadai kiasi gani, walijibu kwa maandishi kwamba hawakutibu ili walipwe, na fedha hiyo wapewe majeruhi. Wahenga wetu walisema tenda wema nenda zako. Hawa walikwenda zao.

Baadaye manowari mbili za Japani, Hiei na Kongo, ziliwarudisha manusura hadi Istanbul, zikafika Januari 1891.

Miaka 95 baada ya meli kuzama, Machi 1985, Iran na Iraki zilikuwa vitani. Iraki ikatangaza kwamba baada ya saa 48 ndege yoyote katika anga ya Iran ingeshambuliwa. Kila nchi ikakimbilia kuondoa raia wake. Wajapani waliokuwa Tehran, na familia zao, hawakuwa na ndege ya kuwachukua. Ndege mbili za Turkish Airlines zilikwenda zikawabeba zaidi ya watu 200, huku Waturuki wengi wakiondoka kwa barabara. Waturuki walipoeleza sababu, waliitaja Ertuğrul. Wema hauozi.

Sasa turudi nyumbani kwetu.

Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa tuwe taa. Tunajitahidi. Tunasifiwa kazini, tunatoa nasaha nzuri kwenye vikundi vya simu, tunachangia harusi na misiba, na majirani wanatuonyesha watoto wao kama mfano. Wakati huohuo, katika chumba cha pili, kijana wa miaka kumi na minne ana siku ya tatu anasukuma sahani kando, na hakuna aliyemuuliza kulikoni. Mama mzee anaishi nasi, tunamnunulia dawa, lakini mazungumzo naye yameisha tangu Idi au Krismasi iliyopita. Mwanga wetu unafika mbali. Kitako chetu kina giza.

Kashinozaki inatufundisha mambo matatu, na nayasema kwa kadiri nilivyoyapima katika malezi.

La kwanza, mlango uwe wazi penye taa. Mabaharia wale waliona mwanga wakapanda, wakakuta watu macho. Mtoto anayesikia kila siku maneno ya hekima kutoka kwako atakuja siku moja usiku, na habari mbaya mkononi: amefeli, ameibiwa, ana mimba, amekopa. Akikuta ukali umesimama mlangoni, taa yote ya miaka haimsaidii. Mpokee kwanza, akaushe nguo. Maswali yatakuwepo kesho.

La pili, tafuta kitabu cha bendera. Walinzi hawakusubiri mgeni ajifunze Kijapani. Walitafuta kitu ambacho yule mtu angeweza kukionyesha kwa kidole. Vijana wengi hawana maneno ya kusema kinachowaumiza, na ukiwakalisha kwenye kochi na kuwaambia "haya, sema", wanafunga. Mkate vitunguu pamoja. Mwende dukani kwa miguu. Mwulize achague wimbo wa siku yake. Bendera yake utaiona.

La tatu, usiandike deni. Wapo wazazi wanaotunza hesabu: nimekusomesha, nimekuuguza, nimekuzaa. Na wapo watoto wakubwa wanaowatunza wazazi huku wakitangaza bei ya kila panadoli. Wale madaktari waliulizwa bei wakakataa kuitaja. Ndiyo maana wema wao umedumu kuliko meli.

Mtu ataniambia, mimi sina kitu, nitasaidiaje? Kumbuka wale kuku. Walichinjwa katika wiki ambayo hakuna aliyekuwa amekwenda kuvua.

Kuna jambo moja la kuongeza kuhusu walinzi wenyewe. Kwa zaidi ya miaka mia familia za walinzi ziliishi kwenye ncha hizi za upweke, zikihamishwa kutoka mnara hadi mnara, mama akijifungua mbali na hospitali, watoto wakibadilisha shule. Mwaka 1957 mwongozaji Keisuke Kinoshita aliwatengenezea filamu iliyopendwa sana Japani, naye alianzia kwenye maandishi ya mke wa mlinzi mmoja. Leo minara yote inajiendesha. Wa mwisho kuondolewa walinzi, Meshima, kusini magharibi mwa nchi, ulibaki bila mtu mwaka 2006. Mashine inawasha taa kwa wakati kuliko binadamu. Kumfungulia mtu mlango usiku wa manane bado ni kazi yetu.

Kwa wanaokwenda: Agosti na Septemba ni miezi ya vimbunga, kwa hiyo angalieni hali ya hewa kabla ya kupanga. Maua ya Kashinozaki huchanua wakati wa baridi, na baridi ya upepo wa pale jabalini si ya mchezo, bebeni makoti. Kwenye mnara wa kumbukumbu watoto wavue kofia na wapunguze sauti, maana pale wamezikwa watu.

Kwa wanaobaki: leo usiku, kabla ya kulala, pita chumba kwa chumba. Yule ambaye hujazungumza naye wiki hii, keti naye dakika kumi, simu ukiwa umeiacha sebuleni.

Tukutane wiki ijayo.