Binti Yuko Kwenye Kamati

Akina mama wenzangu, mwanao wa chuo akikuambia atachelewa likizo kwa sababu wanaandaa kongamano la utafiti, usidhani ni visingizio. Wanafunzi wa shahada ya kwanza huko Marekani walikuwa na kongamano lao la kitaifa tangu mwaka 1987, lililoanzia Asheville, North Carolina. Kupanga viti na kutafuta mfadhili wa chai ni kazi ndogo. Ngumu ni kusoma mihtasari ya wenzao, majina yakiwa yamefichwa, kisha kumweleza rafiki wa bweni moja kwamba wake haukupita.

Mimi muuguzi huuliza na jambo jingine: wagonjwa waliotafitiwa waliridhia? Tamko la Helsinki la mwaka 1964 linadai ridhaa, na mwanafunzi hasamehewi kwa kuwa ni mwanafunzi. Picha ya mzazi wodini, uso wazi, ikibandikwa ukumbini, bango lishushwe hata likiwa zuri namna gani. Mama huyo ana majirani, na baadhi wana watoto chuoni hapo.

Basi kabla hujamtumia binti pesa ya gauni la siku hiyo, muulize nani kwenye kamati yao anakagua fomu za ridhaa.