Rekodi za king'amuzi zisibaki kifungoni

Kuna jambo linalotuuma sisi wa mtaa wa Kariokor: kunakili rekodi za king'amuzi. Ving'amuzi vingi vya bure hurekodi kwenye flashi, na faili la rekodi, mara nyingi la .ts, hufunguka kwa programu ya VLC kwenye kompyuta. Flashi yenye mfumo wa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, basi kipindi kirefu hukatwa vipande, nakili vyote. King'amuzi cha kulipia ndicho balaa. Kwa kawaida rekodi zake hufungwa kwa kifaa chenyewe: stima ikirudi kwa kishindo ikakiunguza, vipindi vya Vioja Mahakamani vya KBC ulivyomwekea mama vimekwenda, hata diski ikiwa nzima. Huo ni uonevu, maana tumelipa. Jamani, vipindi vya KBC virekodini kwa king'amuzi cha bure, mvinakili mapema.