HEWA SAFI NAYO NI HAKI YA MFANYA KAZI



Chama kimezoea kudai glavu, viatu vya kazi na maji safi ya kunywa. Twadai hivyo kwa kuwa mwili ndio mali ya mfanya kazi. Leo twasema juu ya hewa.

Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, nayo ikaanza kutumika Julai 2008. Imekataza kuvuta sigara ofisini, kiwandani, hospitalini, shuleni, sokoni, mkahawani, ndani ya matatu na ndani ya gari la moshi. Mvutaji atakiwa aende mahali palipotengwa. Avunjaye sheria aweza kutozwa faini hadi shilingi 50,000, au kufungwa hadi miezi 6, au yote mawili. Mwenye mahali naye ameamriwa kubandika tangazo la onyo.

Wako wasemao: "Sigara ni yangu na mapafu ni yangu." Maneno hayo yangekuwa ya haki kama moshi ungekaa mfukoni mwa mwenyewe. Lakini moshi haukati tikiti. Huingia daraja zote. Shirika la Afya Duniani lahesabu kwamba watu zaidi ya milioni moja hufa kila mwaka kwa moshi wa sigara za wengine, hali wao hawavuti. Moshi huo huleta ugonjwa wa moyo na saratani ya mapafu, na watoto huwapa pumu na maradhi ya kifua. Kufungua dirisha au kuwasha feni hakutoshi.

Na ni nani aumiaye zaidi? Mgeni wa mkahawa akichukizwa huondoka. Mpishi na mhudumu wa meza hawaondoki. Abiria atokaye Gazi atashuka Likoni. Kondakta yumo garini mpaka usiku. Mwenzetu wa zamu ya usiku, aliyewekwa chumba kimoja na mvutaji, hana pa kwenda. Kwa hiyo jambo hili ni la Chama, si la daktari peke yake.

Sheria hii ina wapinzani wenye fedha. Kanuni za kuitia nguvu zilitolewa mwaka 2014, na kampuni ya British American Tobacco Kenya ikazipinga mahakamani. Ilishindwa Mahakama Kuu, ikashindwa Mahakama ya Rufani, na Novemba 2019 ikashindwa Mahakama ya Juu. Basi kesi imekwisha. Lililobaki ni letu, kwa maana polisi hawezi kukaa katika kila mkahawa na kila matatu.

Watu wa Gazi hawahitaji kufundishwa jinsi kijiji kinavyolinda kitu. Tangu mwaka 2013, wao na jirani zao wa Makongeni wanalinda misitu yao ya mikoko kwa mpango wa Mikoko Pamoja, na faida imekwenda katika maji na shule. Mikoko haikulindwa kwa woga wa askari tu. Imelindwa kwa kuwa wenyeji walielezwa maana yake, wakakubaliana, na kila mtu akawa mlinzi. Hewa nayo yataka ulinzi wa namna hiyo.

Kwa hiyo twawaomba mfanye mambo matatu. Kwanza, kila mjumbe aisome sheria hii kwa Kiswahili mbele ya wenzake, kazini na barazani kwao. Pili, mahali pa kazi pasipo na tangazo, mjumbe amwambie tajiri alibandike, na akikataa Chama kiarifiwe. Tatu, mvutaji aambiwe kwa adabu: "Ndugu yangu, tafadhali toka nje." Yeye si adui. Wengi walianza ujanani, na kuacha ni kazi ngumu. Anayejaribu asaidiwe, asichekwe.

Nyumbani pia, mwanachama mvutaji asivute chumbani walalamo watoto. Mtoto hana chama cha kumtetea ila baba na mama.

UMOJA NI NGUVU.